Ukungu Chini ya Nyumba: Tafuta Kwanza Maji Yanakotoka

SOMO LA AFYA YA NYUMBANI



Mvua zinapokolea hapa mkoani Kigoma, kati ya Novemba na Aprili, nyumba nyingi za kambini Nyarugusu hupata tatizo moja. Ukiinua mkeka unakuta madoa meusi upande wa chini. Ukivuta gunia kutoka kwenye kona unakuta pameota kitu cheupe au cha kijani, laini kama pamba. Chumba kinanuka uvundo, na mtoto anayelala karibu na ukuta anakohoa usiku.

Wengi wetu tukiona hivyo tunachukua kitambaa na kufuta. Wiki moja baadaye madoa yamerudi palepale. Tunafuta tena, yanarudi tena. Mwisho tunachoka na kusema nyumba ya udongo ndivyo ilivyo.

Sivyo. Ukungu unarudi kwa sababu tumeufuta wenyewe lakini hatujayagusa maji yanayoulisha. Katika somo hili tutajifunza maji hayo yanatoka wapi, jinsi ya kuyatambua, na jinsi ya kuyakatia njia kwa jembe, mawe na udongo, vitu ambavyo familia nyingi zinaweza kuvipata.

UKUNGU NI NINI?

Ukungu tunaousema hapa si ule unaofunika mabonde asubuhi. Ni kuvu, yaani viumbe vidogo vya jamii moja na uyoga. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi la unga, na zinaelea hewani kila mahali, kambini na mjini, katika nyumba ya udongo na katika nyumba ya saruji. Hakuna awezaye kuzifukuza zote. Lakini mbegu peke yake haina madhara makubwa mpaka iote. Ili iote inahitaji vitu vitatu:

- Chakula. Kuvu hula nyasi zilizochanganywa kwenye udongo wa ukuta, fito, mikeka, maboksi, magunia, nguo, ngozi ya viatu na unga uliomwagika.
- Joto. Joto linalotufaa sisi linaifaa na kuvu.
- Maji. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huweza kuanza kuota.

Chakula chake kimejaa ndani ya nyumba, na joto hatuwezi kulibadilisha. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, lilisisitiza kuzuia unyevu unaodumu kuliko kuhesabu kuvu zilizomo.

KWA NINI UNAANZIA CHINI?

Sehemu ya chini ya nyumba iko karibu na ardhi, jua haliifikii, na upepo haupiti. Tena ndipo tunapoweka vitu vingi: magunia, madumu, masanduku, magodoro. Nyuma ya vitu hivyo hewa imesimama, na unyevu ukishaingia hautoki. Maji hufika hapo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: maji yanayopanda kutoka ardhini

Umeona jinsi utambi wa taa unavyopandisha mafuta ya taa mpaka juu bila mtu kuyasukuma. Udongo na tofali hufanya vivyo hivyo. Chukua tofali la kuchoma lililokauka, lisimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, kisha liangalie baada ya saa chache. Utaona rangi ya unyevu imepanda juu kuliko maji yenyewe. Ukuta uliojengwa moja kwa moja juu ya ardhi iliyolowa unakunywa maji namna hiyohiyo mvua zote. Sakafu ya udongo nayo vilevile.

Mawe na kokoto havipandishi maji hivyo, kwa sababu nafasi kati ya jiwe na jiwe ni kubwa mno. Jambo hili likumbuke, tutalitumia baadaye.

Njia ya pili: maji yanayoingia kutoka nje

Hapa kuna makosa manne yanayoonekana sana kambini.

La kwanza ni shimo la udongo wa matofali. Tunapojenga tunachimba udongo karibu na nyumba ili tusibebe mbali. Nyumba ikiisha, shimo linabaki. Mvua inalijaza, na maji yaliyotuama humo yananywea taratibu kuelekea msingi. Shimo hilohilo ni mazalio ya mbu na hatari kwa watoto wadogo.

La pili ni sakafu iliyoshuka. Kila siku mama au binti anapofagia sakafu ya udongo, ufagio unachukua udongo kidogo. Kwa miaka michache sakafu inashuka, huku nje kiwango kinapanda kwa takataka, majivu na udongo unaoletwa na mvua. Mwisho wake ndani ni chini kuliko nje, na maji siku zote hufuata bonde. Simama mlangoni kwako uangalie: ukiingia unapanda au unashuka?

La tatu ni paa fupi. Paa lisipoupita ukuta vya kutosha, maji yanadondoka karibu kabisa na msingi, yanaruka na kuupiga ukuta kwa chini. Ukiona ukuta umeliwa kwa chini na kuwa mwembamba kama shina lililotafunwa na mchwa, sababu mara nyingi ndiyo hiyo.

La nne ni maji yetu wenyewe tunayoyamwaga nje: bafu lisilo na mfereji lililoegemea ukuta wa nyumba, maji ya vyombo yanayotupwa nyuma ya jiko, dumu linalovuja kwenye kona. Haya hayangoji masika. Hulowesha msingi hata Julai.

Njia ya tatu: maji tunayoyatoa ndani

Mtu mzima aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayoweza kujaza glasi moja hadi mbili kwa usiku. Wakilala watu sita katika chumba kimoja kisicho na dirisha, asubuhi maji yao yote yamo humo. Ongeza mvuke wa sufuria na nguo mbichi zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Mvuke huo ukikutana na kitu cha baridi, kama turubai, bati au sehemu ya chini ya ukuta, hugeuka tena kuwa matone. Kwa hiyo mtu anayeona matone juu ya turubai, au shitingi kama wengi tunavyoiita, asikimbilie kusema kwamba limetoboka. Huenda ni pumzi za familia.

JIPIME MWENYEWE: MAJI YANATOKA WAPI?

Kabla hujatumia nguvu zako, jua unapigana na njia ipi. Fanya hivi:

1. Chukua kipande cha nailoni kisicho na tundu, ukubwa wa sinia.
2. Kitandaze kwenye sakafu mahali penye ukungu. Kandamiza kingo zake zote kwa mawe au udongo ili hewa isipite.
3. Kiache siku mbili, watoto wasikiguse.
4. Kifunue na uangalie pande zote mbili.

Ukikuta upande wa chini umelowa, au udongo ulio chini yake umekuwa mweusi kuliko wa pembeni, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu, ni mvuke wa ndani. Ukikuta pande zote mbili, una matatizo mawili. Na ikiwa kote ni pakavu lakini ukuta hulowa kila baada ya mvua, maji yanaingia kutoka nje. Zunguka nyumba mvua inaponyesha, ufuate yanakopita.

Jambo lingine la kupima: si kila cheupe ni ukungu. Ukutani huweza kutokea chumvichumvi ya udongo. Idondoshee maji kidogo. Chumvi huyeyuka na kupotea. Ukungu hulala tu na kubaki. Lakini usifurahi mapema ukiona ni chumvi. Iliyoileta juu ya ukuta ni maji yaliyopanda, na ukungu unaweza kufuata.

MADHARA YAKE NI YAPI?

Kuishi katika nyumba yenye unyevu na ukungu huongeza kukohoa, kukoroma kwa kifua, mafua yasiyokwisha na macho kuwasha. Mwenye pumu hubanwa mara nyingi zaidi. Wanaoumia kwanza ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu na wale ambao kinga ya mwili wao imepungua.

Tuseme wazi mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukungu hauleti kifua kikuu, wala kikohozi cha ukungu hakiambukizi kutoka mtu hadi mtu. Kwa sababu hiyo, usiseme "ni ukungu tu" ukakaa nyumbani. Mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi aende kituo cha afya akapimwe. Mtoto anayepumua harakaharaka, au ambaye kifua chake kinaingia ndani anapovuta pumzi, apelekwe siku hiyohiyo bila kungoja asubuhi.

HATARI KUBWA ZAIDI IKO KWENYE GUNIA

Unyevu unaoharibu mkeka unaharibu pia chakula kilicho juu yake. Gunia la mahindi au karanga likikaa kwenye sakafu iliyolowa, hunywa maji kwa chini kama lile tofali kwenye beseni. Juu unaona punje kavu, chini zimeshikana. Baadhi ya kuvu zinazoota humo hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu, ambayo hushambulia ini.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafariki. Wachunguzi walikuta kwamba kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba za kuishi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha waliougua na wasiougua. Mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafariki.

Sumukuvu haionekani kwa macho. Kuchemsha ugali hakuimalizi, na kusaga ni kuitawanya tu. Kwa hiyo:

- Usiweke gunia chini. Jenga kichanja cha miti au matofali, kimo cha shubiri moja au zaidi, na uache nafasi ya mkono kupita kati ya gunia na ukuta.
- Anika mahindi juu ya turubai safi, si juu ya ardhi tupu, na uyaingize ndani kabla ya umande.
- Pima ukavu kwa chumvi. Tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani.
- Punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au zilizonyauka zisiliwe. Wasipewe kuku wala mbuzi, wala zisipikiwe pombe.
- Siku ya mgao, ukipewa gunia lililolowa au lenye uvundo, mwonyeshe msimamizi palepale kabla hujaondoka nalo.

Mtu akipata manjano ya macho, kutapika, maumivu ya tumbo au tumbo kuvimba, hasa wakiugua wawili watatu walioshiriki chungu kimoja, waende kituo cha afya upesi. Beba na kiasi kidogo cha chakula mlichokula.

TUFANYE NINI?

Anza na maji, malizia na usafi.

Dhidi ya maji ya nje. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, hatua moja hivi kutoka ukutani, wenye mteremko hadi mfereji mkubwa wa njia. Udongo unaoutoa usiurundike juu ya ukuta; ushindilie kati ya ukuta na mfereji uwe na mteremko wa kutokea nje. Fukia shimo la matofali. Ongeza nyasi za paa zitokeze nje ya ukuta. Bafu lipe mfereji wake au shimo la mawe mbali na msingi. Kabla hujachimba, zungumza na jirani wa chini na kiongozi wa kijiji chenu, maana maji unayoyatoa kwako bila mpango yatalala kwake. Ni vizuri nyumba za mstari mmoja zichimbe siku moja.

Dhidi ya maji yanayopanda. Inua sakafu. Ondoa udongo wa juu uliooza, tandaza mawe madogo au kokoto kiasi cha shubiri moja, kisha juu yake shindilia udongo mkavu mpaka ndani pawe juu kuliko nje. Kama una turubai kuukuu lisilo na matundu, lilaze juu ya mawe kabla ya udongo. Ukitandika turubai juu ya sakafu iliyolowa, unaficha maji tu. Chini yake ukungu unaendelea. Vivyo hivyo usiharakishe kupiga plasta ya saruji kwenye ukuta wa udongo uliolowa. Maji yakikosa pa kutokea yatapanda juu zaidi.

Dhidi ya mvuke wa ndani. Fungua mlango na dirisha kila asubuhi. Kama nyumba haina dirisha, toboa matundu madogo mawili karibu na paa, moja kila upande, na uyazibe kwa wavu ili mbu asiingie. Pika nje au kwenye jiko la pembeni. Sogeza kitanda kiganja kimoja kutoka ukutani. Wasiokuwa na kitanda wainue mkeka na godoro kila asubuhi na kuviegemeza juani. Hewa inayopita husaidia pia kupunguza maambukizi ya kifua kikuu katika nyumba yenye watu wengi.

Kuondoa ukungu uliopo. Kazi hii isifanywe na mwenye pumu wala mtoto. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, fungua mlango, na usifagie ukungu mkavu kwa sababu unarusha mbegu zake hewani. Lowesha kwanza. Ndoo, madumu na vitu vigumu vioshe kwa sabuni na uvikaushe juani. Ukuta wa udongo ukwangue mpaka ufike palipo safi, toa nje udongo uliokwangua, acha ukuta ukauke kabisa, ndipo usiribe upya. Ukipata chokaa, paka, ukungu hauipendi. Mkeka au boksi lililooza litupe. Vidonge vya kusafishia maji ya kunywa visitumike kwa kazi hii: kwenye udongo havifiki ndani, na familia itakosa maji salama.

KAZI KWA MAJIRA

Juni hadi Agosti, ardhi ikiwa kavu: inua sakafu, fukia mashimo, siriba ukuta.
Septemba na Oktoba: rekebisha paa, chimba na zibua mifereji, jenga kichanja.
Novemba hadi Aprili: kagua chini ya mikeka na magunia kila wiki, zibua mfereji baada ya kila mvua kubwa.
Mei: anika kila kitu, fanya kipimo cha nailoni, panga kazi ya kiangazi.

Familia isiyo na mtu mwenye nguvu, kama ya wazee, wagonjwa au mama aliye peke yake na watoto wachanga, isiachwe. Mjulisheni mhudumu wa afya wa eneo lenu na kiongozi wa kijiji. Vijana watano wakishika majembe, mfereji wa nyumba moja ni kazi ya asubuhi moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba inayolowa chini kila masika inafikia siku ukuta wake unaanguka, na wakati mwingine unaanguka usiku, watu wamelala. Kukausha msingi kunalinda mapafu, chakula na maisha.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ukungu unarudi baada ya kufutwa?
2. Katika nyumba yako, maji yanatumia njia ipi kati ya zile tatu? Umejuaje?
3. Ukiingia nyumbani kwako, unapanda au unashuka?
4. Gunia lenu la chakula liko wapi sasa hivi? Mara ya mwisho uliangalia chini yake lini?
5. Ni nyumba gani katika mstari wenu inayohitaji msaada wa mfereji kabla ya mvua, na nani atakwenda?